Haruni Siku Tisa

Shoga, niko nje ya duka la fundi cherehani, uso nimeuficha kwenye mtandio. Sitaki hata kuonekana.

Si unamjua huyu kiongozi wetu wa maombi alivyo? Kila alfajiri anatutumia somo la Biblia kwenye kundi, eti tutafakari uaminifu.

Leo kwa bahati mbaya nikalisoma. Haruni na ndama wa dhahabu. Nikapandisha juu nione la jana. Haruni. La juzi. Haruni! SIKU TISA, somo ni lile lile!

Kiongozi gani huyo? Mvivu wa kutupwa!

Nikafunga safari mpaka hapa dukani kwake anaposhonea. Wateja wamejaa, nikamwambia mbele yao: "Baba, ndiyo uaminifu huu, kutulisha kiporo siku tisa?"

Hakuinua hata kichwa. "Siku ya pili nilikosea tu. Zilizobaki nilikuwa nangoja mtu aone."

Kisha akavaa miwani, akafungua simu, akaanza kusoma majibu yangu ya kundini. Yangu mimi! Kwa sauti! "Jumatatu: Amina baba, neno jipya kabisa. Jumanne: Amina baba, leo umenigusa kuliko jana."

Kuliko jana, shoga. KULIKO JANA. Wateja walicheka mpaka mmoja akakalia pini.

Ana dharau yule mzee! Na cherehani yake ile inayopiga kelele kama mbuzi!

Ngoja, simu imelia. Ametuma tena sasa hivi. Haruni yule yule.

Na wewe umeshajibu Amina.