Kikopo Kimerudi na Asali

Bi Nana mpenzi, shikamoo. Nishike mkono mwanao, maana nacheka na huku nalia, na nikikaa na jambo hili peke yangu nitapasuka.

Mimi ni muuguzi katika zahanati moja huku Sabaki, kwetu hasa ni Adu, na Agosti hii Mungu akipenda naolewa na kijana aitwaye Kitsao, ambaye nikimtaja tu mashavu yanapata moto, basi tumwache. (Majina yote nimeyabadilisha. Asali ni asali kweli.)

Mwezi uliopita tuliitwa Kilifi, sisi wauguzi, tukafundishwe namna ya kuzungumza na watu waliopita miaka hamsini juu ya saratani ya utumbo mpana, kwamba mtu anaweza kuwa nayo asihisi kitu, kumbe damu inavuja kidogo kidogo na kujificha ndani ya choo, na choo kikipimwa mapema tatizo likaonekana mtu ana nafasi nzuri ya kutibiwa, na aliyefiwa na ndugu kwa maradhi hayo ndiye wa kuharakishwa zaidi. Mwalimu wetu, Daktari Gerishom, akatuambia tukae na mgonjwa sawasawa, tumwombe ruhusa, tukitaje choo kwa jina lake bila kuzungukazunguka, na mwishoni tumuombe aturudishie maelezo kwa maneno yake mwenyewe ili tujue ameelewa, kisha akatufanyisha mazoezi, na mwenzangu Easter, mtu wa bara, akajifanya mzee, akavaa kofia na kukohoa, nami nilipoanza, "Mzee, choo chako..." nikacheka mpaka nikaanguka kwenye benchi. Daktari akasema, "Sista, kuona haya ni ugonjwa wa muuguzi. Mgonjwa usimwambukize."

Sasa Bi Nana, mgonjwa wangu wa kwanza ni nani? Mzee Kalama, babake Kitsao, bavyaa wangu mtarajiwa! Nduguye mkubwa alifariki mwaka juzi kwa maradhi hayo hayo, watu wakasema karogwa lakini mimi nilimuuguza, najua ni utumbo, na Mzee mwenyewe siku hizi akitoka shamba hukaa kwanza ukutani apumue ndipo aitikie salamu, naye si mtu wa kukaa. Na kwetu wajua mkaza mwana hamtazami bavyaa machoni, wakikutana njiani mmoja hupisha, sasa mimi nimuulize habari za choo?

Akaja zahanati amejikata mguu kwa jembe, Easter hayupo, nikajisemea leo ndiyo leo, nikamfunga kidonda vizuri, halafu ulimi ukanata, nikamtia kikopo mkononi huku natazama sakafu, nikasema, "Baba, naomba unirudishie hiki Jumatatu," nikakimbilia nyuma ya pazia!

Jumatatu nani kaja kutukagua? Daktari Gerishom. Na kikopo nacho hicho kimeletwa, kimefungwa kitambaa kisafi kilichonyooshwa kwa pasi. Daktari akavaa glavu, akasimama kama anayekata utepe, akasema, "Mnaona? Haya ndiyo matunda ya mafunzo," akafungua. Asali! Asali ya Adu, nyeusi, na kipande cha sega juu yake. Easter akatia kidole akalamba, Daktari akavua glavu naye akalamba, mimi nimekaa chini hoi.

Nikatuma kikopo cha pili kupitia mavyaa, mamake Kitsao, nikamwambia, "Mama, mwambie Baba safari hii asitie asali." Kikarudi na korosho za kukaanga! Sasa mavyaa amesimama kanisani kusifu upendo wa mkaza mwana wake anayetuma chombo kila mara, na jana ameagiza nimpelekee kikubwa zaidi maana maembe yameiva.

Nimwambie Mzee waziwazi nionekane binti asiye na adabu, harusi ivunjike? Au ninyamaze, yampate yaliyompata nduguye? Nampenda Mzee huyu, Bi Nana. Aliposikia naolewa na mwanawe aliitangaza habari hiyo kijiji kizima. Nifanyeje?

Wako mwenye haya,
Kadii, Sabaki, Februari 1986

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma kwa sauti, na nilipofika kwenye korosho mume wangu Mbaruk alikuja mbio kutoka uani akidhani nimepaliwa. Basi tumecheka, hongera. Sasa nyamaza nikukaripie.

Wewe umezaliwa wapi? Umpe mtu wa pwani hii chombo chako, umwambie akirudishe, ukimbie, halafu ushangae kina asali? Chombo cha watu hakirudi kitupu, hata mtoto anajua. Ukamkataza asali, naye akaona umeichoka, akakutafutia korosho. Mzee wa watu ametimiza adabu yake yote. Aliyeacha kazi yake nyuma ya pazia ni wewe. Ungemuuliza tu kama ulivyofundishwa, "Baba, hebu nieleze utakifanyia nini kikopo hiki," angekujibu, "Nitatia asali," mkasahihishana pale pale, nawe ungekuwa umeokoa majuma mawili. Hayo mafunzo mlikwenda Kilifi kula pilau?

Haya yako siidharau. Binti asiye na haya hata mimi simtaki jikoni kwangu. Lakini kila haya ina mahali pake. Somo wako atakapokufunda mambo ya ndoa, wadhani atatazama mkeka akukabidhi kikopo? Atakutajia kila kitu kwa jina lake, utafunika uso kwa leso, na utaelewa. Basi huko zahanatini wewe ndiye somo, na somo akimeza maneno anayeumia ni mwari.

Ya kufanya ni haya. Mzee Kalama usimwendee wewe. Mwite aje asafishwe kidonda siku ya zamu ya Easter, ambaye si mkwe wake wala si jamaa yake, na kofia ile alishaivaa. Amwombe ruhusa, amkumbushe nduguye kwa upole, amwambie: Mzee, tunataka choo kikubwa, kidogo tu, humu ndani, tukapime kama kuna damu isiyoonekana kwa macho. Kisha Mzee arudishe maneno hayo kwa kinywa chake. Na mavyaa wako awepo, tafadhali, kwa sababu mfungaji wa vitambaa ni yeye, na asipoelewa kikopo cha tatu kitakuja na maembe. Tena Easter asisahau kumuuliza Mzee kuhusu huko kukaa ukutani, maana uchovu huo nao una lake la kusema. Majibu yakiwa mabaya, apelekwe mbele, hospitali kubwa, siku hiyo hiyo, asingoje mavuno.

Wewe kaa chumba cha pili, utetemeke huko. Lakini Mzee akiuliza mbona wewe mkwewe hukumwambia, toka, mwambie, "Niliona haya, Baba, ila sikutaka tukukose." Hakuna bavyaa atakayekasirikia maneno hayo. Na wazee wengine wa Sabaki ambao hawakuhusu kwa ndoa, hao ni wako wote, waambie mwenyewe, ukicheka, tubu, kisha uendelee.

Unaogopa harusi kuvunjika. Mimi naogopa kitu kingine. Siku hiyo pana kiti cha baba wa bwana harusi. Kikiwa kitupu, utamwambia Kitsao nini, kwamba ulitazama sakafu? Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe hujaajiriwa kumsaidia kuficha. Na Kitsao akikuacha kwa sababu ulitaka babake aishi, niandikie, Malindi vijana hawajaisha.

Mbaruk naye amepita hamsini zamani, akavuka. Nimemsomea barua yako mara ya pili, pole pole, bila kucheka. Kesho namleta huko kwenu. Mweleze wewe mwenyewe, wazi, ukimtazama machoni, kwa kuwa huyu ukimpa kikopo kimyakimya atakuletea halua.

Na kile kitambaa kilichopigwa pasi kifue, ukiweke. Mzee Kalama akishaleta ulichoomba, akapimwa, akatibiwa kama kuna la kutibiwa, siku ya harusi mpelekee pale kitini kwake kikopo kipya kilichojaa asali, kimefungwa kitambaa chake mwenyewe. Chombo hakirudi kitupu, mwanangu, na deni hilo ni lako.