Baba Amenivisha Nguo za Marehemu Mama, Nashindwa Kumwambia Hazinikai

Mama Mshauri mpendwa, nakuomba unisikilize hata kama barua ni ndefu, maana sina mwingine wa kumwambia, na mama mdogo niliyemtegemea ndiye wa kwanza kunikemea.

Mimi ni msichana niliyemaliza chuo mwaka jana na nikabahatika kupata kazi ya mapokezi katika ofisi ya bima. Mama yangu, aliyekuwa mhazili, alifariki nikiwa bado chuoni, tukabaki wawili, mimi na baba, ambaye ni fundi bomba na mtu wa maneno machache. Siku nilipoitwa kazini sikuwa na nguo hata moja ya ofisi, nilikuwa na jinzi na fulana zangu za chuo tu, basi baba akafungua kabati la mama ambalo hatukuwa tumeligusa tangu msiba, akaniambia, "Usihangaike, mwanangu. Mama yako amekuachia kila kitu," nami nikamkumbatia nikalia, kwa sababu nguo zile bado zilikuwa na harufu yake.

Tatizo ni kwamba mama alikuwa na mwili wake, mimi ni mwembamba kama ufito, sketi zake nazishika kwa pini, mabega ya makoti yananiporomoka, na rangi zenyewe ni za enzi zake, zambarau na vifungo vya dhahabu, hata jirani yangu wa meza akanibatiza "Mama Mkubwa", na jina likashika mpaka mlinzi wa getini ananiamkia, "Shikamoo, Mama Mkubwa," huku anacheka, ilhali mimi ndiye mdogo kuliko wote pale.

Kuchekwa ningevumilia. Kilichonitisha ni baba. Kila asubuhi anaamka kabla yangu ananipigia pasi nguo ya siku hiyo, yeye ambaye mama akiwa hai hakujua hata pasi inakaa wapi, kisha anasimama mlangoni ananitazama ninavyoondoka. Asubuhi moja akaniweka kola sawa, akasema, "Umependeza, Mhazili wangu." Hilo ndilo jina alilokuwa akimwita mama. Akashtuka mwenyewe, akacheka, akajifuta uso kwa taulo, akasema chai inapoa.

Ningemwambiaje baada ya hapo? Basi nilipopata mshahara nikanunua suruali nyeusi, blauzi nyeupe na koti linalonikaa, nikavificha kwenye droo ya meza yangu ofisini, ikawa natoka nyumbani na nguo za mama, nikifika nabadilisha chooni, jioni nazivaa tena, nikadhani nimepata dawa. Wiki iliyopita mvua ikanyesha, baba akapita ofisini kuniletea mwavuli. Nilikuwa nimesimama na mteja. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa. Nikasema, "Baba..." Akanijibu, "Mwavuli huo, usije ukalowa," akaweka mezani, akatoka, na yeye mwenyewe hakuwa na mwingine.

Tangu siku hiyo hapigi pasi. Hajanigombeza, jioni tunakula pamoja, ananiuliza habari za kazi, lakini asubuhi hatoki chumbani mpaka niwe nimeondoka. Mama mdogo anasema nimemzika dada yake mara ya pili, nirudie nguo zile na niombe radhi. Nizirudie, Mama? Na nikizirudia, mimi mwenyewe nitakuwa nani?

Ni mimi, Mama Mkubwa wa Mapokezi

JIBU

Mwanangu, pole kwa kufiwa, na pole kwa hiyo droo.

Nianze kwa kukugombeza ili tulimalize. Suruali si bangi, ya nini kuificha? Hukukosea kununua, umekosea kujificha. Baba yako alipoingia pale alimkuta binti aliyesimama vizuri, anayezungumza na mteja kwa kujiamini, na akatambua kwamba binti huyo hajawahi kutambulishwa kwake. Hilo linauma.

Lakini usidhani amenuna. Mtu aliyenuna hakuachii mwavuli akaenda kulowa. Anaona haya. Alikuita jina la mama yako, kisha akakukuta ofisini na nguo nyingine, akajumlisha, akapata jibu kwamba alikuwa akikuumiza na wewe ukimwogopa. Ndiyo maana asubuhi anakukwepa.

Mama mdogo naye mheshimu. Amefiwa na dada, maneno yake ni ya uchungu. Ila mtu hazikwi mara ya pili kwa sababu ya suruali. Nguo zile usizirudie.

Fungueni kabati pamoja, wewe na baba. Anachotaka kukibakiza, akibakize, wala usimuulize kwa nini. Mama mdogo akaribishwe naye achague. Wewe chukua koti moja, lile unalolipenda kuliko yote, umpelekee fundi cherehani apunguze mabega na mikono. Usiogope mkasi. Nguo iliyokatwa ikavaliwa ni bora kuliko nzima inayoliwa na nondo.

Halafu jijengee kabati lako taratibu, usikimbilie kila kinachong'aa. Suruali nyeusi unayo. Ongeza ya kijivu, sketi moja ya kufika magotini, na blauzi chache zinazokubaliana na zote. Ukijaribu nguo dukani, kaa, inama, inua mikono. Isiyokuruhusu kuinama si ya kazi, ni ya kupigia picha. Viatu nunua vizuri kuliko vyote, maana mapokezi ni miguu. Na nenda na baba. Ndiyo, fundi bomba, dukani! Atasimama kaweka mikono nyuma na kila utakachovaa atasema kizuri. Mwache aseme.

Huyo jirani yako wa meza mwambie jina lako mara moja, kwa upole. Akirudia utani, usiitike.

Sasa neno la mwisho, na ndilo kubwa. Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ambapo wewe na baba mmekaa mkamzungumzia mama yako. Sijapaona. Mmefiwa na mtu mmoja, mnaishi nyumba moja, na kila mtu analia kivyake. Leo jioni, mkimaliza kula, usiondoe sahani. Usimtumie ujumbe wa simu, wala usianze na habari za nguo. Mwambie, "Baba, na mimi nimemkosa mama," kisha unyamaze umwache aseme au asiseme.

Lieni kwanza. Dukani mtakwenda Jumamosi nyingine.