Bunduki ya Bomba la Maji

Mbekenyera,
Ruangwa.
9 Aprili 2025.

Mpendwa kaka Isihaka,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Habari za Geita? Mama anaendeleaje na miguu yake? Wifi Saada na watoto hawajambo? Huku sisi ni wazima, Idi tulikula vizuri. Asmaa sasa anatembea, na kila anachokiona anataka akishike.

Kaka, nimeona niandike maana kwenye simu ulikuwa mkali, nikaanza kulia, hatukuelewana. Ulisema umeona picha ya shemeji yako Masoudi ameshika bunduki, na umesikia amefungwa. Mwambie mama atulie. Masoudi yupo hapa nje, anachonga mpini wa jembe.

Ilivyokuwa ni hivi. Mwaka huu ngedere walituzidi. Unafika shambani unakuta mahindi yamemenywa utadhani walialikwa shughuli. Masoudi alimwona mtu kule Nachingwea na bomba la plastiki, haya ya maji, kalitengeneza linalia kama gobore. Aliporudi akatengeneza la kwake. Ngedere walikimbia kweli, sikufichi, hata mimi nilifurahi. Majirani nao wakaja kuomba, akawatengenezea. Mmoja wao ndiye aliyempiga picha akaituma kwenye kundi la kijiji, na maneno yakaanza hapo.

Watu walibishana, acha kabisa. Huyu anasema plastiki haiui mtu, itayeyuka tu. Yule anasema leo ngedere, kesho dereva wa bodaboda atasimamishwa porini na hilo hilo. Wengine wanasema litampasukia mwenyewe mkononi. Mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano, akasema wazi kwamba ikionekana ni silaha, Masoudi ataitiwa polisi. Nilikaa pale na Asmaa mapajani.

Masoudi akasimama na bomba lake. "Jamani, hiki ni kitu cha mchezo, cha kutishia wanyama tu." Wazee wakatazama chini. Hakuna aliyetaka kumuumbua mbele ya mkewe.

Ndipo akainuka mama Dionisia, yule Mmakonde anayeuza maandazi sokoni. Unamjua mdomo wake, na mtani wetu yule, hata akikutukana huwezi kukasirika.

"We shemeji wa ngedere!" akasema. "Kama ni cha mchezo, si umpe mwanao achezee?"

Watu wakaangua kicheko. Akaja akamtoa Asmaa mapajani mwangu, akamsimamisha mbele ya baba yake. Mtoto naye akanyoosha mikono yote, anataka. Kaka, Masoudi alilificha bomba mgongoni haraka, akarudi nyuma kama kaona nyoka. Kicheko kikakatika.

"Haya, baba Asmaa," mama Dionisia akasema, sasa kwa upole, "umeshajijibu."

Masoudi hakubishana tena. Akasema mwenyewe atalipeleka kituoni, pamoja na yale ya majirani. Mtendaji akakubali kufuatana naye. Walipoondoka kwenda Ruangwa nilijua ndiyo basi, nitalea mwenyewe. Lakini alasiri wakarudi wote. Polisi waliyachukua, wakaandika maelezo yake, wakamwonya kwa ukali kwamba lile ni kosa na akirudia hatasamehewa. Kuku niliyekuwa naona huruma kumla nilimchinjisha siku hiyo hiyo kwa shukrani.

Sasa sisi wenye mashamba ya upande huu tunalinda kwa zamu, tunapiga madebe. Mama Dionisia akipaza sauti, ngedere wanaondoka bila hata debe. Mahindi mengi yamepona, ufuta nao umesimama vizuri. Inshallah mwaka huu hatutanunua unga.

Kaka, nakuomba kitu kimoja. Usimwite tena jambazi. Anataka kukupigia, namwona anashika simu halafu anairudisha mfukoni, aibu imemjaa. Mpigie wewe, jioni akishatoka shamba.

Nisalimie mama sana, wifi Saada, watoto wote, na binamu Ashraf kama bado yuko machimboni. Baba mdogo Nuhu anawasalimu. Mwenyezi Mungu awalinde na kazi hiyo ya chini ya ardhi, awape riziki ya halali.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinigombeza,
Mwamini, mama Asmaa.

Nilipokuwa nafunga barua, Masoudi ameuliza namwandikia nani. Nimemwambia. Akasema, "Mwambie shikamoo." Basi, shikamoo yake hiyo hapo, kaka. Iitikie.