Skrubu ya Kampala, Mtungi wa Gashoho

Kampala, Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama ni wazima, na maharage yamevumilia mvua. Mimi sijambo, ila cherehani inanimaliza mgongo. Msimu huu wa harusi wateja hawanipi pumzi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Mama ameniambia fizi yako imevimba na ile skrubu ya jino la kupandikiza inacheza. Nilikasirika, Baba. Mama alisema tangu mwanzo uende Gitega, kwamba jino la namna hii linataka kurudi kwa daktari mara kwa mara. Nikadhani anaogopa safari tu, nikakuleta huku ili nikuone ukipona kwa macho yangu. Halafu Baba Mdogo akakuita mkamalize ugomvi wa shamba, ukarudi Gashoho kidonda hakijafunga. Daktari alikukataza mbele yangu kufyonza chochote kwa mrija. Ulicheka, ukasema hunywi soda kama mtoto. Impeke, pombe yetu ya mtama inayonywewa kwa mrija, hatukuifikiria, wewe wala mimi.

Sasa Mama amenieleza yote. Mpaka wa shamba ulipokwisha kuwekwa na wazee kushuhudia, Baba Mdogo alitia mrija kwenye mtungi wa pombe, akanywa, akakupa huohuo. Mama akakukonyeza uache. Wewe ukamnong'oneza, "Nikikataa mrija huu, ataona nimemkataa yeye." Ukavuta, ukameza pombe pamoja na damu yako, ukitabasamu.

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Tangu turudi kutoka ukimbizini Tanzania sijawahi kuwaona ninyi wawili mmekaa benchi moja. Hasira imeniisha, na nimelia kidogo.

Nenda Gitega kwa dada Goreti akupeleke kwa daktari, tafadhali, usingoje uvimbe uzidi. Daktari wa huku amenitajia aina ya skrubu, nami nimeshamtumia Goreti kwenye simu, maana daktari wa huko asipoijua hatapata bisibisi inayoiingia. Akisema ing'olewe, mwache aing'oe. Usihesabu jinsi nilivyohangaika. Ukipona tutaanza upya hukohuko, karibu na nyumbani.

Nisalimie Mama, dada yangu Goreti na wanafunzi wake, na shangazi anayekupikia uji. Baba Mdogo msalimie sana. Habari ya damu usimwambie kamwe.

Binti yako akupendaye,
Donatila