Namba Kumi Anayerudisha Mpira Nyuma

Ijumaa, kabla ya magharibi. Joto limeukalia mji tangu asubuhi. Wakati wa hotuba ya Ijumaa mawingu yalijikusanya juu ya kata ya Dunda, yakatutisha kidogo, kisha yakaondoka bila kutoa tone. Nimefungua dirisha la chumba cha mbele lakini hewa haiingii. Viganja vyangu vinatoka jasho, na sababu si joto peke yake.

Kesho alasiri timu ya chuo chetu inacheza na timu ya chuo kimoja cha Dar es Salaam. Ikishinda, inaendelea na mashindano. Isiposhinda, msimu umekwisha. Hayo yanajulikana na kila mtu hapa mjini. Lililotokea leo uwanjani nalo litakuwa limekwisha kujulikana na kila mtu kabla sijamaliza kuandika, kwa hiyo ni afadhali niliandike mwenyewe, kwa usahihi.

Nianze na Shomari. Ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ametoka Mkange. Baba yake nilimfundisha nilipokuwa mwalimu huko, na alipomleta mwanawe kwangu hakusema mengi. Alisema, "Mwalimu, huyu sasa ni wako," akarudi kwake. Kijana anakaa katika chumba cha uani. Ananiita babu. Huamka kabla yangu, hujaza pipa la maji, na hajawahi kunibishia neno.

Uwanjani huvaa jezi namba kumi. Kwa wasiofuatilia mpira, namba kumi ni akili ya mashambulizi: mpira hupita kwake, naye huutafutia njia ya kumfikia mfungaji. Msimu uliopita hatukuwa na mtu wa namna hiyo. Washambuliaji wetu walisimama mbele kama wageni waliosahauliwa ukumbini, wakisubiri mipira isiyofika. Mashabiki walikuwa wakienda uwanjani kwa mazoea tu, kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa asiyepata nafuu.

Kisha akaja Shomari, akacheza mechi chache za majaribio, na mji ukapata wazimu.

Sitii chumvi. Bwana Pravin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye hatoi hata msumari bila risiti, aliitolea timu jezi mpya. Bi. Tatu, mkaanga samaki wa sokoni na mwenyekiti wa mashabiki, alimtungia wimbo, na wimbo huo ulikuwa ukiimbwa hadi Mlingotini kabla kijana hajacheza mechi hata moja ya mashindano. Watoto wa mtaa waliandika namba kumi kwa mkaa migongoni mwa fulana zao, na mama zao wakalalamika. Watu wazima walinisimamisha njiani kuniuliza kijana amekula nini, amelala vipi. Nilijibu kwa ufupi. Sipendi kelele zinazotangulia kazi.

Lakini nami nilikuwa nikitarajia. Nikiri hivyo. Nilikuwa nikilala nikiziona pasi zake.

Jumatano ilikuwa mechi ya kwanza, dhidi ya timu ambayo kila mtu aliiona dhaifu. Asubuhi yake, tukiwa tunakunywa chai, nilimwambia Shomari jambo moja. Katika mechi za majaribio nilikuwa nimemwona akipoteza mipira, akijaribu kuipenyeza mahali ambapo mimi sikuona nafasi. Kwa hiyo nilimwambia, "Mpira ukipewa ni amana. Mtu mwenye adabu hapotezi amana. Usipoteze hata mmoja."

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Nimesikia, babu."

Nikaridhika. Nilimimina chai nyingine.

Mechi hiyo sipendi hata kuikumbuka, lakini lazima. Shomari alipata mpira, akageuka, akaurudisha kwa beki. Akaupata tena, akampa mwenzake aliye karibu. Tena, nyuma. Washambuliaji walikimbia, wakanyoosha mikono, wakarudi wakitembea. Uwanja ukanyamaza kwanza. Kisha mtu mmoja akapiga mluzi. Kipindi cha pili kilipoanza walikuwa wanazomea kila alipougusa, na sauti moja ya kike nyuma yangu ikapaa, "Mpira uko mbele, baba, au Mkange mnafunga golini kwenu?" Watu wakacheka kicheko kibaya.

Mechi ikaisha suluhu.

Mimi nilikuwa nimekaa jukwaa la mbao, na nilikuwa nikipiga makofi. Kila aliporudisha mpira salama, nilipiga makofi. Niliona kijana aliyetulia, asiyetawaliwa na kelele. Jirani yangu alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Jana uvumi ukaanza. Kwanza ilisemwa anaogopa. Kufikia adhuhuri ilisemwa amenunuliwa na wapinzani. Kufikia jioni kulikuwa na mtu aliyemwona akipokea bahasha, na mtu huyo hakujulikana ni nani, ila kila aliyesimulia alikuwa amemsikia mtu mwingine aliyemwona. Kocha aliniambia waziwazi kwamba anafikiria kumweka benchi, si kwa sababu anaamini, bali kwa sababu wenzake wameanza kutompa mpira. Usiku ule Shomari hakula. Nami sikumwuliza. Nilidhani mwanamume huachwa ayamalize mambo yake mwenyewe.

Leo baada ya sala ya Ijumaa, Bi. Tatu alinifuata nyumbani. Bwana Pravin alikuwa naye, mikono nyuma, anatazama dari ya baraza yangu kama anayekadiria mabati.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bi. Tatu. Karibuni."

Hakuketi. Alisema mashabiki wamekubaliana. Wanataka halbadiri isomwe leo baada ya alasiri, pale pale uwanjani, mbele ya timu nzima, juu ya yeyote aliyeiharibu mechi ya Jumatano. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeiombea timu dua mwanzo wa msimu, wanataka niongoze mimi.

Asiyekulia pwani huenda asielewe uzito wa ombi hilo. Halbadiri ni kisomo cha kumshtaki kwa Mwenyezi Mungu mtu aliyetenda uovu akajificha. Jina halitajwi. Watu huamini kwamba kisomo chenyewe kitamtafuta mhusika hadi kimpate, yeye au cha kwake. Nimewahi kuona mtu akirudisha mbuzi wa wizi kwa kusikia tu kwamba kitasomwa. Wapo masheikh wasiokipenda, na hoja zao ninazijua. Lakini hofu yake ninaijua pia.

"Mnamkusudia mtu?" nikauliza.

"Hatumtaji mtu, Mwalimu. Wewe soma tu. Mwenye lake litamfuata mwenyewe."

"Mimi kisomo si changu," alisema Bwana Pravin kwa upole, "lakini nilitoa jezi nikaambiwa nitaona magoli. Nimeona jezi zikitembea tu."

"Basi ungetoa mpira wenye macho," Bi. Tatu akamwambia. "Ule mwingine ulikuwa unaona njia ya nyuma peke yake."

Hawakucheka, wala mimi. Nikawaambia jibu langu watalipata uwanjani.

Walipoondoka nilikwenda uani. Shomari alikuwa amechuchumaa karibu na pipa, anasugua njumu zake kwa brashi, ingawa zilikuwa safi. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, na juu ya kitanda niliona begi lake limefungwa. Ukuta wa baraza ni mwembamba. Alikuwa amesikia kila kitu.

Nilimwuliza, kwa sauti kali kuliko nilivyokusudia, kwa nini Jumatano alicheza vile.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Babu, si uliniambia nisipoteze hata mmoja?"

Nikashika ukingo wa pipa.

"Pasi ya mbele ni ya kubahatisha," akaendelea, akiyaelekeza maneno kwenye kiatu. "Nyingine inafika, nyingine inaliwa. Ukitaka isiliwe kabisa, unarudisha. Nilikuwa nakuona jukwaani unapiga makofi. Nikajua nafanya sawa."

Hakulalamika. Hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa amezomewa na mji mzima kwa kumtii mtu mmoja, na asubuhi iliyofuata, mapema, bado alikuwa amenijazia maji.

Nilirudi ndani nikaketi kitandani. Nimewasahihisha watu maisha yangu yote: wanafunzi, wahubiri, waandishi wa mabango ya barabarani. Sijui lini mara ya mwisho mtu alinisahihisha. Huenda walikuwapo waliotaka, wakaweka kikombe chini na kusema wamesikia.

Kisha nikaliona jambo lenyewe. Wamenitaka nisome juu ya yule aliyeiharibu mechi.

Yule ni mimi.

Sasa niliwaza kwa haraka, na si yote niliyoyawaza yalikuwa mazuri. Niliwaza kwamba ningeweza kukataa kwa hoja ya dini, na watu wangeniheshimu zaidi. Kijana angebaki na tuhuma yake, angepanda gari la kwenda Mkange, na baada ya wiki mbili mji ungepata jambo lingine la kusema. Njia hiyo ilikuwa imefunguka mbele yangu, nyeupe, haina kikwazo. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika hapa.

Baada ya alasiri nikavaa kofia, nikaenda uwanjani.

Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Wachezaji wamekaa kwenye nyasi, Shomari pembeni yao, peke yake. Bi. Tatu alikuwa ameweka chetezo katikati, na ubani unafuka. Kocha amekunja mikono. Nilisimama karibu na moshi huo.

Nilisema kwamba kisomo hakitasomwa, kwa sababu wanayemtafuta hajajificha. Nikasema ni mimi. Nikaeleza habari ya chai, na amana, na nilichomwambia, neno kwa neno.

Moshi ulinijia machoni, nikauacha.

Wa kwanza kusema alikuwa Bi. Tatu. "Mwalimu! Kumbe tuna makocha wawili, na mmoja tunamlisha bure?"

Watu wakacheka, lakini si wote. Sauti ikatoka nyuma: "Anamkingia mgeni wake!" Nyingine ikaitikia, "Ndiyo, wanakaa nyumba moja!" Nikahisi uwanja umegawanyika, na sikuwa na neno la kuuunganisha. Nilikuwa nimeudhania ukweli wangu kuwa mzito kuliko ulivyo. Kuna watu watakaoamini bahasha hadi wafe.

Kocha alinisogelea. Ni kijana kwangu, na siku zote hunipa shikamoo kwa mikono miwili. Leo hakunipa. Alisema, "Mwalimu, mimi darasani kwako sikuwahi kuingia na kufuta ubao." Basi. Akarudi mahali pake. Nilistahili zaidi ya hayo.

Bwana Pravin akakohoa. "Basi kesho jezi namba kumi avae Mwalimu. Itambana kidogo tumboni."

Hapo hata kocha alitabasamu. Bi. Tatu hakutabasamu. Alimwagia chetezo maji, ubani ukalia, akamnyooshea Shomari kidole.

"Wewe. Kesho mpira upeleke mbele. Ukiliwa, uliwe. Tutalia na wewe. Lakini nikiona umeanza tena kuurudisha nyuma, kisomo kitasomwa, na babu yako huyu ndiye tutakayemketisha katikati. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," akasema Shomari.

Nilishtuka. Lilikuwa jibu lile lile alilonipa mimi, kwa sauti ile ile.

Tulirudi pamoja. Barabarani watu walitusalimu wakatutazama kwa muda mfupi kuliko kawaida, au mrefu zaidi, sikuweza kupima. Kocha hajasema kama atampanga. Amesema atatazama kesho asubuhi mazoezini kama wenzake wanampa mpira au hawampi.

Tulipofika uani nilimwambia kwamba neno langu la Jumatano nimelifuta. Aliitikia kwa kichwa. Nikaona haitoshi. Mtu kama huyu haondolewi amri kwa maelezo, anahitaji kupewa nyingine, na nilijua ni ipi, nami sikutaka kuitamka.

"Na nikipoteza, babu?" akauliza. Ni mara ya kwanza kuniuliza la kufanya tangu aje.

"Poteza," nikasema.

Neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwangu kwa mtu yeyote. Lilinikwaruza.

Alifikiri kidogo. "Sasa umesema mbele ya watu. Nikipoteza watakuzomea wewe."

"Waache wanizomee. Wewe angalia mfungaji yuko wapi."

Akaingia ndani. Sasa hivi ninapoandika ninamsikia chumbani kwake. Nilipopita kwenda kutawadha niliona begi bado limefungwa juu ya kitanda, lakini njumu ziko nje yake, zimewekwa mlangoni, ncha zikielekea nje. Sijui maana yake. Sitauliza.

Jukwaa la mbao ni dogo, na mimi hukaa mahali pale pale. Kila mtu atakuwa akinitazama. Yeye pia atanitazama, maana ndivyo alivyofanya Jumatano: alisubiri mikono yangu ndipo ajue kama amefanya sawa. Kama atapangwa, atapata mpira, atainua uso, atauona mwanya ambao mimi siuoni, na atajaribu. Huenda utaliwa. Uwanja wote utaguna.

Hapo je, mikono yangu itaweza kupiga makofi?