Tonge Moja Mbele ya Bakwe

Siku ya kwanza, 13 Aprili
Supu asubui. Imerudi. Maji. Imerudi pia. Kawaida yangu.
Lakini leo, alleluia! Docta amesema juma kesho, siku ya pili, tarehe 21, ananipasua tena. Ni miaka mbili tangu banikate tumbo kule inje ya inchi juu nipunguze kilo. Kilo zilienda, ndiyo. Sasa pale baliunganisha tumbo na utumbo kumekuwa kovu, njia imebanana, ata ndizi haipite. Atakata ile kovu, aunganishe upya. Mpaka ile siku, vya maji tu. Nimecheza peke yangu mu chumba, mutu muzima kama mimi!

Siku ya tatu, 15 Aprili
Siku ya posho, tarehe 18, ni dot, mahari ya Nsimire, binti yangu wa kwanza. Bakwe, jamaa ya bwana yake, banatoka Walungu. Tumepaka rangi nyumba yote. Niko na furaha sana.
Kitu kimoja tu. Hakuna mutu anajua operation yangu, ata Nsimire. Nilipokonda nilisema nilifunga na kuomba. Majirani hapa Nyalukemba banasema ni sumu. Aka! Baseme.

Siku ya posho, 18 Aprili
Naandika kwa kitanda cha hospitali, sonde, ule mupira, mu pua.
Dot imepita! Ng'ombe zimekubaliwa, vigelegele, Nsimire muzuri kupita wote. Kisha sahani. Kwetu mwenye nyumba anaonja wa kwanza, mugeni aone hakuna sumu. Bakwe bote macho kwangu. Nsimire alininong'oneza, "Maman, acha nionje mimi." Nilikataa. Kiburi tu. Nilikata tonge, nikachovya mu mboga ya sombe, nikameza. Nani anatafunaka bugali? Nikacheka: "Karibuni, mukule!" Bakakula.
Mimi nikakimbia nyuma ya nyumba, nikakiona cha moto. Tonge limesimama kifuani. Haliende, halirudi. Ata mate haipite.
Nsimire alinikuta pale. Mu taxi nikamwambia yote, tangu ile operation ya kwanza. Alikasirika sana. "Maman, ungekufa juu ya aibu?"
Docta hangoje tena ile tarehe 21. Kesho asubui anatoa tonge, anatengeneza njia papo hapo. Naogopa. Lakini binti yangu ameolewa! Nafurahi kama mujinga.

Siku ya Mungu, 19 Aprili
Banakuja kunichukua. Daftari naachia Nsimire. Nisiporudi: kuonja sijute. Kuficha njo najuta. Basi. Twende, twende!

Siku ya ine, 23 Aprili
Niko muzima! Maumivu, eh, Yezu wangu. Juzi homa ilipanda, docta akakunja uso, akaogopa mushono unavuja. Leo bamenipiga picha. Hauvuje! Nilijaribu kigelegele, tumbo likanikamata, infirmière, muuguzi wangu, akanigombeza kama mutoto.
Kisha akanipa kijiko kimoja cha maji. Nikangoja irudi. Haikurudi. Imepita! Nilimushika mukono, sikumuachilia mpaka akacheka.

Siku ya posho, 25 Aprili
Mvua tangu asubui.
Niliamuka na kitu tumboni, nikafikiri ni maumivu. Nilingoja kidogo. Ni njaa. Miezi mingi sijaisikia, nilikuwa naogopa chakula tu.
Nsimire alileta uji mwepesi. Nilikunywa polepole, nikashiba mapema. Ulibakia. Akaumalizia yeye, ameketi pembeni yangu kwa kitanda.