Vioo Ulivyovifuta, Ardis

Ardis,

Supu iko jikoni, ipashe. Mbwa ameshakula, usimwamini akilia.

Nimekwenda kwa muuza magari. Oda ya pikapu yetu inapelekwa kiwandani saa sita. Asubuhi nimekuta umevifuta kwenye fomu ya oda vioo vikubwa vya pembeni, eti "masikio ya tembo." Hongera, bibie! Tutavuta nyumba ya magurudumu ya mita kumi huku tukichungulia nyuma kwa kioo chako cha poda. Mimi niliwahi kuvuta ghala zima na kuku ndani wakaendelea kutaga, lakini nilikuwa na vioo!

Nilipolalamika ukasema, "Basi safiri peke yako, Verlyn."

Vioo navirudisha. ~~Na nitasafiri peke yangu.~~ Naongeza kiti cha kupasha mgongo joto, upande wako tu. Mbwa nimeshamwambia si chake.

Mumeo